Hivi kwa nini mama zetu hawalii mbele yetu?

#1 Mtoto wa Ngamiani
Habari zenu wadau. Kuna jambo linanikaa kichwani siku nyingi, leo nimeona niliweke hapa tulijadili.

Mama yangu kanilea kwa vitumbua, Tanga pale Ngamiani. Mchele unalowekwa jioni, usiku unasagwa na nazi na iliki, saa kumi alfajiri chuma kiko motoni na sisi tunaamshwa na ile harufu. Baba aliondoka tukiwa wadogo na hakurudi. Kaka yangu mkubwa alipofariki kwa ajali ya bodaboda nilikuwa namwangalia mama msiba mzima. Alipokea watu, aligawa kazi, alijua nani hajala, alijua sufuria za kuazima zimetoka nyumba gani. Hakulia. Hitma ikaisha, watu wakatawanyika, nikamkuta uani kakaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikamwambia mama, uko sawa? Akanijibu, lete ungo mwingine.

Hadi leo sijapata jibu zaidi ya hilo. Kwa huyu mwanamke nimejifunza kuamka mapema, kutodhulumu mtu, kutokopa nisichoweza kulipa, ila kuhusu huzuni yake sijui kitu. Nikiwauliza rafiki zangu wengi wananiambia hivyo hivyo, baba wamewahi kumuona analia, mama hapana. Ni malezi? Ni woga, dini, shida? Au wanalia ila sisi hatuoni? Karibuni, na kama kuna mwanamke aliyekufanya ukawa ulivyo mtaje hapa tumpe heshima yake.

#2 Dereva wa Usiku
Pole kwa kaka mkuu. Mimi naona jibu ni jepesi, hawana muda. Mama yangu alikuwa mama ntilie Ubungo enzi zile stendi ya mikoani iko pale. Mabasi yanaondoka saa kumi na mbili asubuhi, makonda na mawakala wanataka chai, chapati na supu kabla ya hapo, mtu umeamka saa nane usiku kukanda unga, utalia saa ngapi? Ukikaa chini kulia dakika kumi chapati zinaungua, zikiungua hakuna ada. Mwanamke wa hivyo huzuni yake haijapata hata siku ya mapumziko.

#3 Binti wa Newala
@Dereva wa Usiku sikatai, lakini wako wanawake wenye uwezo, nyumba nzuri, msaidizi wa kazi yupo, na hawalii mbele ya watoto. Hao nao wamekosa muda?

Mimi nimechezwa unyago kwetu Mtwara vijijini. Ya ndani siyasemi maana ya ndani hayasemwi, lakini la wazi ni hili, binti anafundishwa kwamba nyumba inamtazama yeye. Uso wake ukikunjamana nyumba nzima inakunjamana. Somo wangu, yaani mwalimu wangu wa unyago, alikuwa anarudia hilo kila siku hadi likaniingia. Kwa hiyo mama yako alipokwambia lete ungo mwingine alikuwa anafanya alichofundishwa kabla wewe hujazaliwa.

#4 Pwani Mchanga
Hapo umepiga penyewe dada. Malezi tu.

#5 Mwanafunzi wa Chuo cha Kiislamu
Assalam aleykum. Naongezea upande wa dini, kwetu Waislamu tumefundishwa subira, mtu akifiwa asilie, machozi ni kama kumlaumu Mwenyezi Mungu. Mama zetu wa pwani wameshika hilo.

#6 Maalim Sefu wa Mtaani
Waaleykum salaam mwanangu. Hapo parekebishe. Machozi hayajakatazwa. Mtume mwenyewe rehma na amani zimshukie alilia alipofariki mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatokwa na machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe ya kuomboleza, kujipiga mashavu, kuchana nguo. Kwa hiyo mama akilia kimya mbele ya wanawe hajakosa lolote. Watu wamechukua katazo la mayowe wakalivuta hadi kwenye machozi, na mzigo wote wakambebesha mwanamke. Mwanamume akilia kaburini anaambiwa ana moyo laini, mama akilia anaambiwa huna subira mama fulani.

#7 Mwanafunzi wa Chuo cha Kiislamu
Shukran maalim, nimeelewa.

#8 Nesi wa Zamu
Nimesoma yote nikasema leo na mimi nichangie maana huwa napita tu. Niko wodi ya wazazi miaka mingi, hospitali siitaji. Wanawake wanalia jamani. Wanalia sana. Ila wanachagua saa na wanachagua nani awepo.

Kuna dada mmoja alipoteza mtoto, mimba ilikuwa imetimia kabisa. Saa ya kuona wagonjwa wakaja ukweni, mama mkwe, mawifi, na watoto wake wawili wakubwa. Yule dada akakaa kitandani kajitengeneza, kajifunga kanga vizuri, anauliza habari za nyumbani, anamfuta mtoto makamasi, anamwambia wifi yake mbuzi wafungwe mapema. Mimi nilikuwa upande wa pili naandika faili. Kengele ikalia, wakatoka. Akaniuliza, sista, wamekwenda? Nikamwambia wamekwenda. Akasema hebu chungulia dirishani uhakikishe. Nikachungulia, nikamwambia wameshavuka geti. Hapo ndipo alipolia, na alilia hadi nikavuta lile pazia nikakaa nae, wagonjwa wengine wakisubiri.

Sasa @Mtoto wa Ngamiani, usiseme hawalii. Sema hawalii mbele yako. Mimi nimeona machozi ya mama za watu kuliko watoto wao wenyewe.

#9 Dereva wa Usiku
Daah. "Hebu chungulia dirishani."

#10 Mtoto wa Ngamiani
Nesi asante sana kwa hii. Sasa swali langu linakuwa gumu zaidi, kwa nini nesi asiyemjua na sio mwanae wa kumzaa?

#11 Nesi wa Zamu
Kwa sababu mimi kesho simhitaji awe imara. Nyie mnamhitaji. Hayo ni maoni yangu tu.

#12 Shosho's Boy
Niaje watu wa nguvu, naandika kutoka Nyeri. Nyinyi mnaongea kana kwamba akina mama hawajawahi kulia hadharani. Someni historia ya Nairobi ya mwaka 1992. Mwezi wa pili akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee wa miaka sitini, sabini, walienda wakakaa kwenye kona ya Uhuru Park wakagoma kula, wanataka watoto wao waachiliwe. Mama yake Koigi wa Wamwere alikuwepo, Monica Wamwere, na Wangari Maathai alikuwa nao. Tarehe 3 mwezi wa tatu polisi wakaja na marungu na gesi ya machozi. Wangari alipigwa akazirai. Na wale akina mama wengine wakavua nguo mbele ya polisi. Kwetu mama wa umri wa kukuzaa akikuvulia nguo hiyo ni laana, hakuna kijana anaweza kusimama hapo. Hawakurudi nyumbani, walihamia kanisa la All Saints wakakaa huko karibu mwaka mzima, na mapema 1993 karibu wafungwa wote wakawa wameachiliwa.

Shosho yangu, yaani bibi yangu, alikuwa akituhadithia hii story akishika kitambaa cha kichwa. Yeye alisema siku hiyo hata wanawake ambao hawakuwa na mtoto jela walilia mbele ya redio. Kwa hivyo hii ya mama halii mimi sikubali. Mama analia akiona kulia kutafanya kazi.

#13 Pwani Mchanga
@Shosho's Boy unasema machozi ni silaha? Mbona inakuwa kama wanaigiza.

#14 Shosho's Boy
Sijasema wanaigiza bro. Uchungu ulikuwa wa kweli, mtoto wako yuko ndani hujui kama yuko hai. Nasema walichagua mahali pa kuuweka. Wangari mwenyewe serikali ilimtukana tangu ile vita ya 1989 ya jengo la ghorofa sitini walilotaka kujenga hapo hapo Uhuru Park, akaitwa majina, na hakujificha. 2004 akapewa Nobel. Huyo ndiye mwanamke nataja kwa hii uzi, hapa Nyeri tunapita karibu na kwao Ihithe na bado nasikia fahari.

#15 Binti wa Newala
Nimeipenda hiyo ya "walichagua mahali pa kuuweka". Ila kaka hao waliweka kwa ajili ya watoto. Mimi nauliza, mama akiwa na huzuni yake yeye mwenyewe, sio ya mtoto, sio ya mume, anaiweka wapi?

#16 Bi Mkubwa Forodhani
Kwenye ngoma mwenzangu. Kwenye taarab. Nyie watoto wa bara mnaona watu wanakwenda kutunza pesa jukwaani mnadhani ni anasa tu. Miye nimekaa kwenye taarab Unguja nikaona mtu mzima anainuka na noti yake, anakwenda taratibu hadi kwa mwimbaji, anasimama pale ubeti ule unaomhusu, na machozi yanamtoka. Hakuna anaemuuliza. Akirudi kitini anapewa maji. Kesho hakuna anaemtaja.

Na mnamkumbuka Siti binti Saad? Mtoto wa mjini Unguja, katoka kwenye umasikini, akaimba hadi santuri zake zikasikika pwani yote. Alikuwa anaimba mambo ambayo wanawake wenyewe hawayasemi. Nilipokuwa mdogo bibi yangu akiisikia santuri yake anaacha chochote anachofanya.

#17 Mkaa Maktaba
Bi Mkubwa heshima yako. Kidogo tu, Siti hakuzaliwa mjini, alizaliwa Fumba, kwao wafinyanzi, na yeye alikuwa anatembeza vyungu kuuza. Mjini alihamia akiwa mtu mzima, mwaka 1911 hivi. Mwaka 1928 ndio alikwenda Bombay kurekodi. Hakujua kusoma wala kuandika. Na unavyosema aliimba yasiyosemwa ni kweli kabisa, kuna wimbo wake kuhusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, muuaji akakimbilia bara, wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakatiwa hatiani. Ule wimbo ni msiba na ni mashtaka kwa mahakama kwa wakati mmoja.

#18 Bi Mkubwa Forodhani
Ahsante mwanangu. Fumba, ndiyo. Basi hata zaidi, muuza vyungu.

#19 Kaya Kilifi
Hamjambo. Mumetaja ngoma, nami naleta ya kwetu. Mekatilili wa Menza alipotaka kuwainua Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 alitumia kifudu. Kifudu ni ngoma ya mazishi, yaani ngoma ya kuliwazana waliofiwa, yeye akaitembeza kijiji hadi kijiji na watu wakamfuata, maana huwezi kumkatalia mwanamke anayecheza ngoma ya msiba. Wakamkamata wakampeleka mbali Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Tazama sasa, mwanamke kachukua mlango wa kilio na kupitishia vita. @Shosho's Boy hapa niko nawe.

Lakini nikija kwa mamangu mzazi, sijawahi kumuona. Yeye huchota maji. Akiwa na jambo utamuona na ndoo, mapipa yamejaa na yeye bado aenda kisimani.

#20 Dereva wa Usiku
Wa kwangu alikuwa anafua. Hata nguo zilizo safi.

#21 Pwani Mchanga
Wa kwangu anaimba kwaya kwa sauti ya juu peke yake jikoni, tukisikia tunajua leo tusimsogelee.

#22 Mtoto wa Ngamiani
Na wa kwangu anachambua mchele. Kumbe tuko wengi.

#23 Mhaya Mtata
Samahani jamani, mnaongea kama Tanzania nzima ni pwani. Kwetu Kagera msiba ukitokea wanawake wanalia kuanzia barabarani, unasikia sauti kabla hujamuona mtu. Usipolia watu wanakuuliza, kulikoni? Mama yangu mimi nimemuona akilia misibani mara nyingi. Lakini nikuambie kitu nilichokigundua ukubwani. Kuna msiba wa jirani ambaye hata hawakuwa wanaelewana nae, mama alilia pale hadi akashikwa mikono. Nikamuuliza shangazi mbona mama kalia hivi na huyu mtu walikuwa wanagombana mpaka wa shamba? Shangazi akaniambia wewe nyamaza, mama yako hamlilii huyo. Mwaka ule alikuwa amepata barua ya baba, tuseme tu barua mbaya, na nyumbani hakusema kitu. Alisubiri msiba wa mtu ndio akapata ruhusa.

Kwa hiyo kwetu wanalia mbele yetu na bado hatujui wanalia nini. Afadhali nyie mnaojua kwamba hamjui.

#24 Nesi wa Zamu
@Mhaya Mtata umeniacha na la kufikiri usiku mzima na niko zamu.

#25 Mkazi wa Minneapolis
Niko Marekani, mama yuko Mombasa. Kila nikipiga simu ni "sisi wazima, wewe unakula vizuri?" Baba alikatwa mguu kwa ajili ya sukari na mimi naambiwa kidonda chake kinapona. Nimejua kwa mtoto wa jirani aliyenitumia picha za harusi, baba yuko nyuma kwenye kiti cha magurudumu. Nilikasirika, nilimpigia mama nikamwambia kwa nini umenificha. Akanyamaza, akasema ungefanya nini, ungekata tiketi kwa pesa ya kodi ya nyumba? Nimemaliza hasira zote kwa sentensi moja hiyo.

Mimi naona sio unyago, sio dini, sio muda. Ni hesabu. Mama anapiga hesabu machozi yake yatagharimu nini na nani atalipa.

#26 Mama wa Muscat
Mwanangu wa Minneapolis na nyote, mnaongea juu yetu kana kwamba hatumo humu ndani. Tumo. Mimi ni mama, niko Oman nafanya kazi za ndani, watoto watatu wako Unguja kwa mama yangu.

Nawaambia ninavyofanya. Nikipiga video simu naiegemeza kwenye rafu ya juu, mbali, wanione uso lakini wasione macho vizuri. Naongea mambo ya shule, nani kanyoa nywele, nani kapoteza kiatu. Mdogo akianza kulia nakusudia kumchekesha. Nikishakata ndio naingia bafuni nafungua bomba. Na sifungui bomba kwa kumuogopa tajiri wangu, yeye mwenyewe ni mtu mwema, nafungua kwa sababu nisipojificha sitaweza kuacha, na saa kumi na moja jioni nina chakula cha watu cha kupika.

Kwa nini siwaonyeshi wanangu? Kwa sababu niliwahi kulia siku moja kwenye simu, mkubwa wangu, msichana, siku ile ile akamwambia bibi yake asimnunulie sare mpya, ile ya zamani inatosha, pesa zikae ili mama arudi haraka. Bibi akaniambia amekataa na kiatu. Mtoto mdogo anaanza kukata matumizi yake kwa ajili ya machozi yangu. Basi nikaacha. Msituulize kwa nini hatulii, tizameni watoto wanafanyaje tukilia.

#27 Mtoto wa Ngamiani
Mama shikamoo. Nimekusoma nikainuka nikatoka nje kidogo.

#28 Kaya Kilifi
Shikamoo mama. Mungu akurudishe salama kwa wanao.

#29 Mama wa Muscat
Marahaba wanangu. Inshallah.

#30 Mtetezi wa Ukweli
Nimesoma kurasa zote, kila mtu anasifu ukimya. Mimi nasema ukimya unaua na tusiupambe. Mama yangu alificha uvimbe wa ziwa kwa sababu hakutaka tumuone ana hofu. Alikuwa ananyanyua ndoo kwa mkono mmoja, tukamwona tukadhani ni uchovu. Alipokwenda kupima ilikuwa imeshasambaa. Angelia siku ya kwanza tu, angesema naogopa, pengine mambo yangekuwa mengine. Huyo ndiye mwanamke ninayempenda kuliko wote na nimemkasirikia hadi leo, vyote viwili vipo pamoja. Msiwafundishe dada zenu huu ujasiri.

#31 Binti wa Newala
Pole sana. Sina la kukupinga. Naomba niseme tu, hakuna somo aliyewahi kunifundisha nifiche ugonjwa. Tulifundishwa kuficha uso. Lakini naona ukifundishwa kimoja cha pili kinakuja chenyewe.

#32 Nesi wa Zamu
Pole sana ndugu. Akina dada mnaosoma hapa, ukigusa uvimbe ziwani usisubiri mpaka uanze kuuma, mwingi mwanzoni hauumi, ndio maana watu wanachelewa. Nenda kapime. Na akina kaka mpelekeni mama, msimwambie tu aende, mpelekeni.

#33 Mkaa Maktaba
Naomba nimtaje Bibi Titi Mohamed hapa maana naona anaingia kwenye mada yote hii, upande wa ngoma na upande wa kunyamaza. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba hapa Dar. Mwaka 1955 ilipoanzishwa sehemu ya wanawake ya TANU akapewa kuiongoza, na alikwenda kwa wanawake wenzake wa ngoma, wauza pombe, wapika maandazi, ndani ya miezi michache wakajiunga kwa maelfu. Ile sauti ya ngomani ikawa sauti ya mikutano. Baadae akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, ule umoja wa wanawake wa Tanzania, akawa naibu waziri. Halafu mwaka 1970 akakamatwa kwa uhaini.

#34 Kumbukumbu za Gerezani
Nyongeza kwa @Mkaa Maktaba, alikamatwa 1969, kesi ndio ikaanza 1970. Hukumu 1971, kifungo cha maisha, akasamehewa 1972 akatoka. Akafariki mwaka 2000 akitibiwa Johannesburg. Leo tunapita barabara ya Bibi Titi pale mjini na foleni yake, wachache wanaojua aliyebeba jina lile alirudi kuishi kimya miaka mingi baada ya kutoka ndani.

#35 Pwani Mchanga
Alilia siku anatoka gerezani?

#36 Kumbukumbu za Gerezani
Mkuu tunajadili kwamba hawalii mbele ya watoto wao, wewe unataka alie mbele ya askari magereza.

#37 Bi Mkubwa Forodhani
Na Bi Kidude je? Fatuma binti Baraka wetu. Yule alicheza wasichana unyago hadi uzeeni, anakaa na ngoma yake katikati ya mapaja anaipiga, anavuta sigara yake mbele za watu, anasema analotaka. @Binti wa Newala unyago wa Bi Kidude ulikuwa kumfundisha msichana ajijue mwili wake na asionewe na mume. Sio kuficha uso. Watu walimzika Aprili 2013 na Unguja ilijaa. Basi unyago si mmoja, kila kungwi na lake.

#38 Binti wa Newala
Kweli bibi, kila kungwi na lake. Ningempata yeye labda leo ningekuwa naandika mengine.

#39 Fundi Cherehani
Mmesahau kanga! Mimi nakata na kushona pindo za kanga kila siku, wateja wangu wanawake wananieleza. Mwanamke hasemi, anavaa. Kuna mama mmoja hapa mtaani mumewe kamuacha na kuhamia kwa mke mdogo nyumba ya tatu kutoka hapo. Hakugombana, hakulia. Akaja kwangu na doti mpya nimshonee pindo, imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Akawa anaivaa kila Ijumaa anapita na kikapu mbele ya ile nyumba anakwenda sokoni. Mtaa mzima ulisoma.

#40 Mhaya Mtata
Mume alisoma?

#41 Fundi Cherehani
Alisoma. Akaanza kupitia njia ya nyuma.

#42 Mkaa Maktaba
Mambo ya maneno ya kanga ni ya zamani, mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi tunazosoma. Na kabla ya hapo alikuwepo Mwana Kupona, mshairi wa Pate, mwaka 1858, mgonjwa, anamwita binti yake akae karibu na wino na karatasi ampe wasia kwa utenzi. Wengi wanausoma kama mafunzo ya mke kumtii mume na hilo limo. Mimi nikisoma naona mama anayejua anakufa na hataki binti abaki mikono mitupu. Alipata neno la kumpa mwanae. Wengi wa mama zetu hawakupata karatasi wala muda wa kukaa.

#43 Mtetezi wa Ukweli
Mwana Kupona aliongea. Ndio ninachosema. Aliongea.

#44 Mtoto wa Ngamiani
Wadau nimerudi. Nimempigia mama leo. Sikumuuliza kuhusu kulia, nilishindwa pa kuanzia. Nilimuuliza tu, mama, kaka alipenda nini alipokuwa mdogo? Aliongea kwa muda mrefu sana. Alisema alikuwa anaiba vitumbua vya kwanza ambavyo havijaiva katikati, anakula na tumbo linamuuma, kesho anarudia. Alicheka. Sauti ikabadilika kidogo akasema ngoja kuna mtu mlangoni. Sijui kama alikuwepo mtu.

#45 Dereva wa Usiku
Hakukuwa na mtu.

#46 Nesi wa Zamu
Acha awepo.

#47 Kidato cha Sita
Samahanini wakubwa, shikamooni. Mimi ni msichana niko nyumbani nasubiri matokeo. Nimewasoma siku zote hizi bila kuandika. Jana usiku nimeamka kunywa maji nikamkuta mama jikoni analia gizani, hakuniona, nikarudi chumbani kimya. Leo anafanya kazi zake kama kawaida. Nifanye nini ikitokea tena? Niende kwake au nimwache?

#48 Mkazi wa Minneapolis
Mwache mdogo wangu. Kachagua saa ambayo hamumuoni. Ukienda unamnyang'anya hata hiyo.

#49 Mtetezi wa Ukweli
Nenda! Tena uulize, na asipojibu uulize kesho. Usingoje.

#50 Mama wa Muscat
Mwanangu nenda, ila usiulize. Kaa karibu nae, bandika chai. Akitaka kusema atasema, asipotaka mtakunywa chai. Na usimwambie nyamaza mama. Baba yako akiamka akiuliza mwambie mama kichwa kinamuuma.

#51 Kaya Kilifi
Mama nakuheshimu sana, lakini hapo kwa baba mimi sikubali. Kwa nini baba afichwe? Akiuliza aambiwe, mkeo analia, njoo ukae nae.